Maiti Aliyefunikwa Blanketi

Droo ya mwisho ilikuwa imevutwa hadi nje, na juu ya bati lake hapakuwa na maiti.

"Uliifunga mwenyewe?" Luteni aliuliza.

"Mwenyewe, afande."

"Na leo asubuhi ukaikuta hivi?"

"Hivi hivi."

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mzee mwembamba, na kila jibu alilitoa huku akizitazama buti za Luteni. Nyuma yake, mgongo ukiwa mlangoni kana kwamba kuna mtu angetaka kukimbia, alisimama Meja, mkuu wa usalama wa kambi. Hakuwa amenyoa ndevu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Mtu amekufa juzi adhuhuri, mbele ya macho yangu," Meja alisema. "Leo hayupo. Maana yake kuna aliyemtoa. Nataka kujua ni nani, na nataka kujua leo."

Luteni alikuwa mpelelezi wa polisi wa jeshi, na wenzake walimbandika jina la Kobe, kwanza kwa mwendo wake, pili kwa tabia yake ya kuvuta shingo ndani kila mkubwa anapopandisha sauti. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele ya droo, anapitisha kidole kwenye kingo za bati. Kidole kilitoka na nyuzi za sufi, rangi ya majani makavu. Hazikuwa zimedondoka tu. Zilikuwa zimenata kwenye unyevunyevu wa bati, kuanzia upande wa kichwa mpaka wa miguu.

"Humu mnatumia blanketi?"

"Hapana, afande, shuka tu. Maiti hasikii baridi."

Mzee alipomaliza kusema hivyo aliuma mdomo.

"Wamemviringisha kwenye blanketi ili wambebe," Meja akadakia. "Kazi ya watu wenye haraka."

"Inawezekana," Kobe alisema.

Lakini mtu mwenye haraka hatandiki. Kobe akasogea kwenye mlango wa droo. Kwenye bawaba, mahali ambapo mpira wa mlango unapaswa kubana, palikuwa na kipande cha bendeji kilichokunjwa na kukunjwa tena mpaka kikawa kigumu kama kabari. Alikichomoa, akausukuma mlango. Ukafunga kwa mlio mzito. Akakirudisha kipande, akausukuma tena. Safari hii ulibaki ufa ambao ungepitisha kidole.

Hewa. Kobe alikitia kipande mfukoni, akasimama, magoti yakalia.

Huyo aliyetoweka alikuwa mateka. Askari walimwita Fundi, kwa sababu siku aliyokamatwa karibu na barabara kuu alikutwa na koleo na nyaya. Kwenye barabara hiyo hiyo magari ya jeshi yalikuwa yakirushwa hewani na mabomu yaliyofukiwa ardhini, na Fundi ndiye aliyeaminika kujua yalipo. Meja alimhoji kwa siku kadhaa kwenye mahabusu ya kambi. Kila alipozidiwa, aliletwa hapa hospitali, akatibiwa, akarudishwa. Mara ya mwisho hakurudi. Daktari wa zamu, kapteni mmoja mwanamke, alisema moyo umesimama.

"Getini?" Kobe aliuliza.

"Tangu juzi kila gari linafunguliwa," Meja alijibu. "Limetoka jeneza moja tu, la koplo wetu. Mama yake aliomba lifunguliwe amwone mwanawe kwa mara ya mwisho. Likafunguliwa. Alikuwa ni yeye."

"Basi Fundi yumo humu humu ndani ya uzio."

Meja alimgeukia mhudumu. Hakumpiga. Alimshika ukosi wa koti tu, akamsogeza ukutani taratibu, kama mtu anayepanga samani.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijalala."

"Nilimzika!" mzee akaropoka. "Nilimzika mwenyewe, afande! Droo ile haigandishi, akaanza kuharibika, nikaogopa nitalaumiwa. Yuko nyuma ya tanuri la taka."

*

Nyuma ya tanuri udongo ulikuwa laini. Askari wawili walichimba huku wamejifunga leso puani. Mzee aliketi kwenye jiwe, mikono katikati ya magoti. Kobe aliona kwamba hakuwa akitazama shimo. Alikuwa akitazama madirisha ya hospitali.

Sepetu iligonga kitu cha plastiki. Mmoja akainama, akavuta mfuko mweusi, ukachanika. Ukadondoka mguu.

Ulikuwa wa kushoto, umekatwa chini ya goti, umekatwa vizuri kwa msumeno wa daktari. Chini yake ulikuwepo mwingine. Na mwingine. Askari kijana aliitupa sepetu, akakimbilia ukutani kutapika.

"Hapa ndipo tunapozika viungo vinavyokatwa thieta," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nimechanganya mahali. Nisameheni. Uzee."

Meja hakumkaripia. Alikuwa ameinamia ule mguu wa kwanza, ambao ulikuwa na kovu la zamani la moto juu ya kifundo.

"Huu ni wa dereva wangu," alisema.

Meja akaushika mguu kwa mikono miwili, akaurudisha kwenye mfuko, akaufunika udongo yeye mwenyewe kwa kiganja. Aliposimama, macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeona, Kobe? Hii ndiyo kazi ya yule Fundi. Mimi ndiye ninayewapelekea wazazi habari. Halafu daktari wetu ananisimamia mlangoni, ananiambia eti mgonjwa apumzike! Apumzike kutokana na nini?" Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Huyu mzee anatupotezea muda makusudi. Mfungieni. Nitaongea naye baadaye."

"Mfungieni kwangu," Kobe alisema. "Ni shahidi wangu."

Meja akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Chukua."

Mzee alipoinuliwa kwenye jiwe, simu ya Kobe ikaita. Alikuwa dada yake. Alitaka kuikata, lakini dada huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa dereva wa malori ya jeshi kwenye barabara kuu. Siku hizi simu yake haikuachwa kuita.

"Kaka! Mpwa wako kanipigia, wamefika salama!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anacheka. "Jana walisimamishwa asubuhi kabla ya daraja, wahandisi wakaja wakachimba, mabomu wakayakuta chini ya daraja, Kaka! Chini kabisa! Lori lake lilikuwa la pili kwenye msafara."

Kobe aliketi kwenye lile jiwe la mzee. "Wahandisi walijuaje?"

"Ajuaye ni Mungu. Mwanangu anasema mkubwa wao alipigiwa simu papo hapo, akawa anaitikia, 'Ndiyo shemeji, nimeelewa shemeji, chini ya daraja, shemeji.' Basi wenyewe wanacheka wanasema tumeokolewa na shemeji. Huyo mwanamke nikimjua nitamfulia nguo mpaka nife."

"Jana asubuhi? Una hakika si juzi?"

"Kaka, juzi walipita juu ya daraja hilo hilo mchana kutwa! Wewe kazi yako kuuliza maswali tu, hata furaha huna?"

"Ninayo, Dada. Ninayo sana."

Alikata simu, akabaki amekaa. Fundi alitangazwa amekufa juzi adhuhuri. Kama alimwambia mtu siri ya daraja kabla ya kufa, mtu huyo aliyaachia malori yapite juu ya mabomu mchana kutwa, halafu kesho yake ndipo akaona huruma. Haingii akilini. Aliyepiga simu jana asubuhi alipiga kwa sababu alikuwa amesikia muda mfupi kabla. Na aliyemwambia alikuwa na usiku mzima tangu atangazwe amekufa.

*

Ofisi ya daktari ilikuwa chumba chembamba chenye meza, sinki, na dirisha lililotazama kamba za nguo ambako shuka za wodini zilikuwa zikikauka. Kapteni alikuwa ametoka thieta. Alama za kamba za barakoa zilikuwa bado mashavuni. Alimkaribisha kiti, yeye akabaki amesimama.

"Nimesikia mmefukua miguu," alisema.

"Tumefukua."

"Mngeniuliza ningewaambia ilipo. Mingi nimeikata mimi."

"Daktari, mume wako ana ndugu jeshini?"

Swali halikuwa lile alilolitegemea. "Mdogo wake. Yuko kikosi cha wahandisi. Kwa nini?"

"Anakuitaje?"

Daktari akageukia dirisha. Nje, upepo ulizipiga shuka.

Kobe akatoa kile kipande cha bendeji mfukoni, akakiweka mezani. Pembeni yake akaweka zile nyuzi za blanketi, alizozifunga kwenye karatasi.

"Maiti alitandikiwa na kufunikwa blanketi," alisema. "Mlango wa droo ukawekewa kabari ili hewa iingie. Mzee akatupeleka kuchimba mahali anapojua hapana kitu, ili asubuhi ipite. Na jana shemeji yako akapigiwa simu. Sina haja ya kukuuliza kama Fundi yu hai. Nakuuliza ulifanyaje."

Daktari alikivuta kiti, akaketi hatimaye.

"Nilimchoma dawa ya usingizi mzito. Kisha nikachomoa waya mmoja wa mashine ya moyo. Meja alikuwa anaitazama mashine, hakuwa akimtazama mtu."

"Kwa nini?"

"Mara ya kwanza aliletwa mbavu zimevunjika. Nikamtibu, wakamchukua. Mara ya pili mwili umekauka, hajanyweshwa maji. Nikamtundikia dripu, akazinduka, wakamchukua. Mimi nilijiona natibu." Alizungumza taratibu, kama anayemsomea mwenzake maelezo ya mgonjwa. "Mara ya tatu Meja alisimama kwenye kona ya wodi, akaniambia, 'Mwamshe, nimebakiza maswali machache.' Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu, Luteni. Bila mimi wangelazimika kuacha. Mimi ndiye niliyekuwa nawawezesha kuendelea."

"Bila wewe angekufa."

"Pia."

"Ungekataa."

"Nilikataa. Akasema mimi ni askari kwanza, daktari baadaye, na kwamba anamwita daktari wa mahabusu amwamshe. Yule angemwamsha. Muda wa kuamua ulikuwa ule wa kuvaa glavu tu."

Kobe alitazama nje. Mwanamke mmoja wa dobi alikuwa akianua shuka, akiimba bila sauti.

"Na daraja?"

Daktari alikigusa kile kipande cha bendeji mezani.

"Homa ilipanda usiku ule, tulipokwisha kumtoa kwenye droo. Jana asubuhi nilikuwa nampangusa uso, akanishika mkono, akadhani mimi ni dada yake. Akaniambia, 'Dada, usipite darajani. Pita mtoni kwa miguu, usipite darajani.' Nilitoka nje nikapiga simu."

"Ukaokoa watu."

"Nikaokoa watu kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Mgonjwa alisema akiwa mikononi mwa daktari wake, hana fahamu. Kitu alichokificha kwa Meja kwa siku zote zile, akapigwa mpaka mbavu zikavunjika asikiseme, mimi nilikipata kwa kitambaa cha maji baridi."

"Ungenyamaza?"

"Usiniulize hivyo. Mimi ndiye ninayekata ile miguu."

Kobe alitaka kusema kwamba mpwa wake alikuwa kwenye lori la pili. Badala yake aliuliza, "Yuko wapi?"

"Hilo sitakwambia. Nipeleke mimi."

"Vijana wa Meja wamekagua wodi zote asubuhi ya leo," Kobe alisema, kama anayejisemea. "Lakini walikuwa wanatafuta maiti. Chini ya vitanda, stoo, dobi. Na mtu uliyemwacha na homa jana, leo bado ni mgonjwa. Anahitaji kitanda, dripu, na mlango ambao askari haufungui. Wodi ya kifua kikuu walichungulia dirishani tu, sivyo?"

Daktari aliinuka, akaenda kwenye sinki, akaanza kunawa mikono iliyokuwa safi.

Kobe akavaa kofia yake. "Twende."

*

Mlango wa wodi ya kutengwa ulikuwa na kibao chekundu. Sista mnene aliyekaa mbele yake alinyanyuka upesi.

"Afande, huingii bila barakoa."

"Nipe barakoa, Sista."

Sista alimtazama daktari. Daktari akaitikia kwa kichwa.

Ndani kulikuwa na vitanda vichache, na kimoja tu kilikuwa na mtu. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji mpaka kwenye nyusi, na kadi ya kitandani ilimtaja kuwa askari wa kikosi cha mbali. Alikuwa macho. Kobe aliufunua mkono wake uliokuwa chini ya blanketi la rangi ya majani makavu. Kifundo chote kilikuwa na kidonda cha kamba. Akakifunika tena.

Vishindo vya buti vilisikika kwenye korido, kisha sauti ya sista ikipinga, kisha kimya. Meja alikuwa mlangoni. Alikisoma kile kibao chekundu, akasita, halafu akaingia bila barakoa.

"Nilijua tu," alisema. "Nilisema Kobe anatembea polepole lakini anajua aendako. Kazi nzuri. Vijana watamchukua."

Mgonjwa alifumba macho. Daktari alijongea akasimama kati ya kitanda na Meja, mikono ikining'inia tu, haijui ifanye nini.

Kobe alisikia shingo yake ikianza kurudi ndani. Aliiacha irudi, kisha akaanza kuongea.

"Afande, juzi ulipeleka taarifa makao makuu kwamba mateka amekufa kwa maradhi. Taarifa hiyo wameipokea. Kwa hiyo wewe huna mateka tena. Mimi ndiye niliyempata huyu, na niliyempata yuko mikononi mwa polisi wa jeshi."

"Usinichezee, Luteni."

"Sichezi. Kapteni," akamgeukia daktari, na sauti yake ikawa ya kazi, "uko chini ya ulinzi kwa kutoa taarifa ya uongo ya kifo. Mgonjwa naye yuko chini ya ulinzi wangu mpaka afikishwe kwa hakimu wa kijeshi. Nawe, afande, naomba usitoke kambini. Hakimu atataka kujua mbavu zilivunjikaje."

Uso wa Meja ulibadilika rangi. Alimsogelea Kobe mpaka pua zikakaribiana.

"Una mpwa kwenye barabara ile."

"Ninaye. Jana amepita salama."

"Jana! Na kesho? Unadhani alitega daraja moja tu? Akili yake imejaa mahali ambapo mpwa wako atapita wiki ijayo. Nawe unampeleka kwa hakimu akapewe chai! Siku utakapoletewa mfuko mweusi, Kobe, usinitafute."

Kobe alitafuta jibu, na chumba kizima kiliona akilitafuta.

"Huenda," alisema mwishowe. "Lakini sikupi."

Askari wawili wa polisi wa jeshi, walioagizwa na Kobe njiani, walikuwa wamefika mlangoni na machela. Meja aliwatazama, akamtazama mtu kitandani, akatoka. Buti zake zilisikika mpaka mwisho wa korido, zikienda kwa mwendo uleule.

Daktari alinyoosha mikono yake mbele kwa ajili ya pingu.

"Naomba nimbadilishie kidonda kwanza," alisema. "Safari itakitonesha."

"Badilisha."

Alivaa glavu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kufungua bendeji ya kifuani. Mgonjwa alifumbua macho. Alikuwa amesikia kila neno. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ilichukua muda kufunguka.

"Daraja," alisema. "Wameyatoa?"

"Wameyatoa."

"Nilimwambia dada yangu."

"Uliniambia mimi. Ulikuwa na homa."

Alimtazama daktari kama anayejaribu kukumbuka mahali walipowahi kuonana.

"Ukawaambia."

"Ndiyo," daktari alisema. "Niliwaambia."

Mtu yule akauinua mkono wake kwa shida, akausukuma mkono wa daktari kutoka kifuani pake. Haukuwa msukumo wa nguvu. Hakuwa na nguvu. Kisha akageuza uso kumtafuta mtu mwingine chumbani, akamwona sista mlangoni.

"Sista," alisema, "nitafutie daktari mwingine."

Kobe alitazama sakafu.

Daktari aliinuka. Alivua glavu moja, akavua ya pili, akaziweka kwenye trei, akachukua bendeji safi aliyokuwa ameitayarisha na kumkabidhi sista.

"Isibane sana," alisema. "Mbavu za kulia ndizo mbaya."

Halafu akasogea mlangoni, akasimama kando kuwapisha wenye machela.